Karatasi Iliyokunjwa Ndani ya Kasha: Historia ya Estrojeni na Haki ya Kujua

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa sekondari anayekaribia kustaafu. Jioni moja mwaka jana alifika nyumbani kwangu, akafungua mkoba, akatoa kasha dogo la dawa, na ndani ya kasha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi kama leso. Akaitandaza mezani. Maandishi yake yalikuwa madogo kama punje za ulezi, Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. "Wewe si daktari?" akaniambia. "Haya, nisomee." Nikamkumbusha, kama ninavyowakumbusha jamaa zangu kila msiba na kila harusi, kwamba udaktari wangu ni wa historia na hautibu hata mafua. Hakucheka.

Alikuwa na umri wa miaka 54 na hedhi ilikuwa imekoma mwaka mmoja na zaidi. Vipindi vya joto vilikuwa vikimvamia darasani, mbele ya wanafunzi arobaini, jasho likamchuruzika hadi chaki ikalowa mkononi. Usiku hakulala. Mwalimu mwenzake aliyerudi kutoka ng'ambo akampa vidonge vya estrojeni, naye akavimeza kwa miezi saba. Vilimsaidia, na hilo lazima lisemwe mwanzoni: joto lilitulia, usingizi ukarudi. Lakini sasa alikuwa ameona matone ya damu, naye alidhani mambo hayo yamekwisha.

Nilisoma. Katika aya ya tatu nikakutana na sentensi iliyoeleza kwamba mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba hapaswi kutumia estrojeni peke yake, kwa sababu huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa mji huo. Anahitaji na projestojeni pembeni yake ili kuukinga. Dada hajawahi kufanyiwa upasuaji wa aina yoyote. Nikamtafsiria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza maswali mawili: mbona aliyenipa hakuniambia, na nani aliyeandika haya humu?

Swali la kwanza sikulijibu vizuri. La pili ni la taaluma yangu, na ndilo ninalotaka kulijibu hapa, kwa kuwa sentensi ile haikuingia ndani ya kasha kwa hisani ya mtengenezaji. Watu waliipigania, na wenye dawa pamoja na chama cha madaktari walikwenda mahakamani kuizuia.

Kisa chenyewe ni cha Marekani kwa sehemu kubwa. Mwaka 1929 Edward Doisy akiwa St. Louis na Adolf Butenandt akiwa Göttingen, Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuitenga estroni, mojawapo ya homoni za kundi la estrojeni, kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Kwa mara ya kwanza kile ambacho matabibu walikuwa wakikibahatisha kwa kusaga ovari za wanyama kikawa kitu kinachoweza kupimwa kwa mizani. Tatizo likawa wingi: mkojo wa wajawazito hautoshi kujenga kiwanda. Ufumbuzi ulipatikana kwa farasi majike wenye mimba. Kampuni ya Ayerst ilitengeneza kidonge kutokana na mkojo wao na kukiita Premarin, jina lililounganishwa kutoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo, na mwaka 1942 kikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Msomaji anayeshangaa asishangae mno. Insulini nayo kwa miongo mingi ilitoka katika kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imeruhusu estrojeni nyingine, iliyotengenezwa maabara na Charles Dodds wa London mwaka 1938 na kufahamika kwa herufi DES. Ilikuwa rahisi, haikuwa na hataza, na matumizi yake ya kwanza yaliyoidhinishwa yalihusu dalili za kukoma hedhi. Baadaye ikapewa pia wanawake wajawazito eti kuzuia mimba kutoka. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walionyesha kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wakiimeza walipata saratani ya uke, ugonjwa ambao kwa wasichana wa umri huo ulikuwa nadra mno. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi hujadili estrojeni kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali aina, kipimo, njia ya kuitumia na umri wa anayeitumia hubadilisha kila kitu.

Sasa tufike kwa mtu ambaye wanafunzi wangu humkumbuka kuliko wote ninapofundisha mada hii. Robert Wilson alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake mjini New York. Mwaka 1966 alichapisha kitabu kiitwacho Feminine Forever, yaani kubaki mwanamke daima, ambamo alidai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, kama kisukari kilivyo upungufu wa insulini, na kwamba mwanamke asiyetibiwa huwa amekwisha kama mwanamke. Tiba ni estrojeni, na si kwa mwaka mmoja au miwili ya joto na jasho, bali maisha yote. Kitabu kilinunuliwa sana, magazeti yakakisambaza, na katika muongo uliofuata estrojeni ikawa miongoni mwa dawa zinazoandikwa zaidi Marekani. Kile ambacho wasomaji wengi hawakujua ni nani aliyelipa. Julai 2002 mwana wa daktari huyo, Ronald, aliliambia gazeti la New York Times kwamba kampuni iliyotengeneza Premarin ndiyo iliyobeba gharama za kitabu cha baba yake.

Hapa ningependa tuwe makini, hasa ndugu zangu wanaharakati. Ni rahisi kumgeuza Wilson kuwa shetani na kuishia hapo. Lakini wanawake waliomwandikia na kumshukuru hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliokosa usingizi miaka mitatu, minne, wakaambiwa na madaktari wengine kwamba ni mishipa ya fahamu, au ni umri, au wajishughulishe na kazi za nyumbani. Wilson aliwasikiliza, na mauzo yake yalisimama juu ya ukimya huo. Nasi tunao ukimya wetu. Katika jamii nyingi za pwani na bara tuna unyago, tuna kungwi, tuna nyimbo na siku kadhaa za mafunzo kwa binti anayevunja ungo. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake inakoma, nijuavyo mimi, hakuna kungwi wala ngoma. Yeye hupewa kanga na lakabu ya bibi. Anayetaka kuuza kitu kwenye ukimya kama huo hahitaji hata kuwa hodari.

Tarehe 4 Desemba 1975 jarida la kitabibu la New England lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja, moja kutoka jimbo la Washington na nyingine kutoka Los Angeles. Zote zililinganisha wanawake wenye saratani ya ukuta wa mji wa mimba na wasiokuwa nayo, zikauliza ni nani kati yao aliyetumia estrojeni. Ya kwanza ilikuta hatari imeongezeka mara 4.5 kwa waliotumia, ya pili mara 7.6. Maelezo ya kibaiolojia si magumu. Estrojeni huukuza ukuta ule, kama mvua inavyokuza majani. Katika mwezi wa kawaida wa mwanamke, projesteroni huja baadaye ikausimamisha ukuaji, na hedhi ikaondoa kilichokua. Mwanamke anayemeza estrojeni peke yake baada ya kukoma hedhi huwa na mvua bila mkulima, na majani yaliyokua bila kukomeshwa yanaweza siku moja kugeuka.

Jawabu la kitabibu lilipatikana haraka: ongeza projestojeni kwa kila mwenye mji wa mimba. Lakini jawabu la kisiasa lilikuwa swali: nani amwambie mwanamke?

Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1970, Seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin aliendesha vikao vya Bunge juu ya usalama wa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo navyo vina estrojeni. Vikao vilichochewa na kitabu cha mwandishi wa habari Barbara Seaman kuhusu madhara ya vidonge hivyo. Mashahidi walioitwa walikuwa wanaume waliobobea. Hakuna mwanamke mtumiaji aliyeitwa. Kundi la wasichana wa Washington, Alice Wolfson akiwa miongoni mwao, lilisimama ukumbini na kuanza kuuliza maswali kwa sauti: kwa nini tunafanywa panya wa maabara? Walitolewa nje, wakarudi tena siku nyingine. Kabla ya mwaka kwisha, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, iliagiza karatasi ya maelezo kwa mtumiaji iwekwe katika kila pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ilikuwa fupi kuliko walivyotaka, lakini ilikuwapo.

Mwaka 1975 Seaman, Wolfson na wenzao watatu walianzisha mtandao wa kitaifa wa afya ya wanawake, na Desemba mwaka huo, siku chache baada ya tafiti zile mbili kuchapishwa, walifanya ibada ya kumbukumbu mbele ya ofisi za FDA kwa wanawake waliokufa kutokana na dawa za estrojeni. Mwaka 1977 FDA iliamuru kwamba kila dawa ya estrojeni itolewe pamoja na karatasi inayomweleza mtumiaji, kwa lugha anayoielewa, faida na hatari zake. Umoja wa watengenezaji dawa ulikwenda mahakamani kupinga, na chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake kikaungana nao. Hoja yao ilikuwa kwamba karatasi hiyo itaingilia uhusiano kati ya daktari na mgonjwa wake, na kwamba serikali haina mamlaka ya kuiamuru. Mwaka 1980 mahakama ya shirikisho huko Delaware iliitupa hoja hiyo.

Nimeisoma hoja ya walalamikaji mara kadhaa, na kila mara huniacha na hisia mbili. Ya kwanza ni kwamba uhusiano unaovunjwa na karatasi ulikuwa umeegemea nini? Ya pili, kwa haki, ni kwamba madaktari hawakukosea kabisa waliposema kwamba maelezo ya hatari yakitolewa bila mtu wa kuyafafanua huweza kutisha kuliko kusaidia. Miaka 22 baadaye ilionekana hivyo hivyo, kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitazamia.

Katika miaka ya 1980 estrojeni ilirudi sokoni ikiwa na ahadi mpya. Mwaka 1986 iliidhinishwa kwa kukinga mifupa isivunjike, na hilo lilikuwa na ushahidi. Kisha ikasemwa inakinga moyo pia. Tafiti za kuwafuatilia watu zilionyesha kwamba wanawake wanaotumia homoni huugua moyo kwa nadra zaidi. Mwaka 1990 watengenezaji walipoomba idhini ya kuiuza kwa kinga ya moyo, mtandao ule wa wanawake ulipinga kwa hoja ambayo ningependa kila mwanafunzi wangu wa mbinu za utafiti aikariri: huenda si dawa inayowafanya wanawake wawe na afya, bali wanawake wenye afya, kipato na bima ndio wanaopata dawa. Pasipo jaribio ambamo watumiaji hupangwa kwa kura, huwezi kujua kipi ni chanzo na kipi ni tokeo.

Mwaka 1991 Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za afya za Marekani, aliutangaza mradi mkubwa wa utafiti juu ya afya ya wanawake, unaofahamika kwa herufi WHI. Katika sehemu yake moja, wanawake 16,608 wenye mji wa mimba walipangwa kwa kura: wengine wakapewa estrojeni pamoja na projestojeni, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Ulikusudiwa kudumu miaka minane na nusu. Julai 2002, baada ya wastani wa miaka 5.2, ulisimamishwa. Saratani ya matiti, mshtuko wa moyo, kiharusi na damu kuganda katika mapafu vyote vilikuwa vimezidi upande wa dawa.

Vichwa vya habari vilitangaza kwamba saratani ya matiti imeongezeka kwa asilimia 26. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba maana yake ilikuwa wagonjwa 38 badala ya 30 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, yaani wanane zaidi. Mshtuko wa moyo ulizidi kwa saba, kiharusi kwa wanane, na kuganda kwa damu mapafuni kwa wanane. Saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa sita na mivunjiko ya nyonga kwa watano. Hivi vyote ni vipimo vya jambo lile lile. Mtumishi wa umma anayeandaa taarifa kwa wananchi ataona mara moja tofauti kati ya kutangaza asilimia 26 na kutangaza watu wanane katika elfu kumi, naye atajua kwamba kuchagua kati ya hizo mbili ni uamuzi wa kisiasa.

Kulikuwa na jambo jingine lililopotea katika kelele. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Jaribio lilibuniwa kujibu swali la kinga ya moyo, hivyo liliwachukua wanawake wa miaka 50 hadi 79, wengi wao waliokwisha kuvuka dalili za joto miaka mingi nyuma. Jibu lake juu ya bibi wa miaka 70 likapelekwa, bila kupunguzwa neno, kwa mwalimu wa miaka 51 asiyelala usiku. Mamilioni waliacha dawa, wengine ndani ya wiki moja, na madaktari wengi wachanga hawakufundishwa tena namna ya kuitumia. Mwaka 2004 sehemu ya pili ya jaribio, ya wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa mji wa mimba na kupewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa nayo kwa sababu ya kiharusi. Lakini kwa hao saratani ya matiti haikuongezeka. Uchambuzi wa baadaye ulitenganisha rika, na picha ikawa tofauti kwa walioanza mapema. Mwaka 2017 watafiti wale wale waliripoti kwamba baada ya miaka 18 ya kufuatilia, vifo kwa jumla havikutofautiana kati ya waliopewa homoni na wasiopewa. Onyo zito lililowekwa katika kisanduku cheusi juu ya maelezo ya dawa hizi mwaka 2003, Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu yake kubwa itaondolewa. Onyo la saratani ya ukuta wa mji wa mimba kwa estrojeni inayotumiwa mwilini kote peke yake likaachwa. Sentensi ya 1977 ingali imesimama.

Kwa hiyo leo tunajua nini? Kwa dalili kali za joto na jasho, hakuna tiba iliyothibitika kuwa na nguvu kuliko estrojeni. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye mji wa mimba lazima apate na projestojeni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda katika mishipa, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au mwenye kutokwa damu ukeni kusikojulikana chanzo, kwa kawaida hapewi. Estrojeni ya kupaka au kubandika kwenye ngozi haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ile ya kumeza. Kwa ukavu wa uke peke yake ipo ya kuweka pale pale, kwa kipimo kidogo, isiyosambaa sana mwilini. Mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari mapema, ana hoja yake tofauti, kwa kuwa mifupa na moyo wake vimenyimwa homoni kabla ya wakati. Huyo hushauriwa kuitumia walau hadi umri ambao hedhi ingekoma kwa kawaida. Haitumiwi kwa ajili ya kukinga moyo, wala haibaki bila kuangaliwa upya kila mwaka. Na damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma ni ya kupimwa, hata kama ni tone moja.

Haya yote yalikuwamo katika karatasi ya dada yangu, ama kwa maneno hayo ama yanayokaribia. Yalikuwamo katika lugha ambayo yeye, mwalimu mwenye shahada, aliisoma kwa taabu kwa sababu ya ukubwa wa herufi na istilahi, na ambayo mama muuza mboga anayepata joto lile lile asingeisoma kabisa. Nimetafuta katika makasha kadhaa ya dawa za homoni yaliyonipitia tangu siku ile. Nimeona Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, na mara moja Kireno. Kiswahili sijakiona. Tunapodai Kiswahili kitumike mahakamani na katika vikao vya Umoja wa Afrika, nami nimekuwa nikidai, tumeipita karatasi hii bila kuiona.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza hospitali. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alimwuliza kwanza kama bado ana mji wa mimba, kisha akauliza habari za shinikizo la damu, matiti, mishipa ya miguu, na mama yetu alifariki kwa ugonjwa gani. Alipimwa kwa ultrasaundi, ukuta ukakutwa umenenepa, akachukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Tulisubiri siku kumi na mbili. Haikuwa saratani. Vidonge vile viliachwa, na baada ya miezi mitatu akaanzishiwa jeli ya ngozi pamoja na projesteroni ya kumeza usiku, kila kimoja kikiwa na karatasi yake ndani ya kasha.

Karatasi zote mbili ziko mezani kwangu sasa. Ameniagiza nizitafsiri zote, neno kwa neno, bila kuruka, maana walimu wenzake wanne wamekwisha kuziomba. Nimemaliza kurasa mbili. Nimekwama kwenye aya ya mishipa ya damu, na kila jioni anapiga simu kuuliza imefika wapi.